Herufi B ya Kandambili

Hapa Katoyi, mutaa wa Goma, ukitafuta mutu anayejua mambo, watakuonyesha mulango wangu. Sikusoma sana, nalisema mwenyewe kabla hujaniuliza: niliacha shule mwaka wa tano wa primeri, mwalimu akiwa ameanza kunionea wivu. Lakini waliomaliza chuo kikuu ndio wanaoniletea radio zao nizitengeneze. Kwa hiyo ninyi wapwa zangu mlioniomba niandike juu ya mama Perpétue na mashine yake, hamkukosea fundi. Kaeni chini, na yule anayekula karanga aache, hii habari haitaki karanga.

Perpétue Uwitonze ni shemeji yangu. Alizaliwa Kibumba, kule kwenye viazi na baridi, akaolewa na mudogo wangu Baharanyi, sisi tukiwa watu wa upande wa Bukavu. Siku ya mahari nilimuambia mbele ya wazee wote kwamba amechagua vibaya, kwamba ndugu muzuri ni mimi. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Shemeji, wewe ungenimaliza masikio." Wazee wakacheka mpaka wakamwaga pombe. Tangu siku ile yeye na mimi hatujawahi kusalimiana bila kurushiana neno.

Kazi yake ni kuandika kwa mashine. Miaka ile ya uasi, serikali zikibadilika na mihuri ikibadilika nayo, alikuwa karani katika ofisi moja ndogo ya kusafirisha mizigo katikati ya muji. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja, na kompyuta ilikuwa na klavie, yaani ule ubao wa herufi unaopigwa kwa vidole. Msifikiri zile klavie za siku hizi, nyembamba kama kipande cha mukate, ukizipiga zinanyamaza kama mutu aliyeiba. Hii ilikuwa ya zamani, rangi ya maziwa yaliyolala, nzito kama jiwe la kusagia. Chini ya kila herufi kulikuwa na springi. Ukibonyeza, inakukatalia kidogo, kisha inakubali kwa sauti: ka!

Volkano iliposhukia muji mwaka wa elfu mbili na mbili, Perpétue alikuwa kazini. Watu walipopiga kelele kwamba moto umefika, kila mumoja alishika alichoshika. Nilimuona muzee aliyekimbia na mulango wa choo. Mimi mwenyewe nilibeba kofia tatu, zote kichwani. Perpétue aling'oa uzi wa klavie, akaifunga mugongoni kwa kitenge, akatoka. Kompyuta yenyewe akaiacha, na pochi yake, na viatu vya kubadilisha. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema, "Mikono yangu ilikuwa juu yake. Iliposikia kimbia, ikafunga tu."

Tulikutana naye penye mupaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda, watu wamejaa kama maharagwe katika gunia. Na tazameni, mama mumoja mukubwa akaona lile furushi mugongoni, akaanza kusukuma watu: "Mupishe muzazi! Hamuone mutoto? Mupishe!" Watu wakapisha. Tukapita kama mawaziri, Perpétue mbele, Baharanyi na mimi nyuma. Tulipofika ng'ambo, yule mama akainua ncha ya kitenge aone uso wa mutoto, abariki. Akakuta meno ya plastiki.

"Yesu wangu," akasema. "Huyu anafanana na nani?"

Mbingu ilikuwa nyekundu nyuma yetu, na watu walicheka. Perpétue hakucheka. Miaka ilikuwa imepita tangu mahari, na katika nyumba yao hapakuwa na mutoto. Nilifungua mudomo nitie neno langu, Baharanyi akanitangulia. Akaweka mukono juu ya furushi, akamuambia yule mama, "Anafanana na mimi. Angalia meno."

Perpétue akacheka ndipo, huku machozi yanatoka. Tangu pale klavie ikaitwa Mutoto. Hata katika kartie, mutaani kwetu: Mutoto wa Perpétue amelia leo, Mutoto wa Perpétue yuko kimya, labda courant, ule umeme, haiko.

Tuliporudi, ofisi tuliikuta chini ya mawe yanayotoa moshi. Chef wake, mukubwa wa kazi, akasema, "Klavie bila kompyuta ni mukia bila ng'ombe. Baki nayo." Baharanyi alikuwa fundi cherehani, mutu wa subira, akatafuta ng'ombe wa ule mukia kipande kwa kipande, leo ekrani, kile kioo cha kusomea, kesho boksi lenyewe, mpaka siku moja katika chumba cha mbele cha nyumba yao hapa Katoyi kikatundikwa kibao: SECRETARIAT PUBLIC, yaani hapa tunawaandikia watu. Upande mumoja cherehani, upande wa pili Mutoto. Ukipita barabarani ulisikia mashine mbili zinajibizana.

Sasa niseme uzuri wa kitu kile, maana nilikijua ndani na nje. Perpétue alisema kidole kinajua kimefanya kazi. Klavie laini unaipiga halafu unainua macho kuuliza ekrani: herufi imeingia? Hii haikukuuliza kitu, ilikujibu palepale. Aliweza kuandika huku anamuangalia mwanafunzi aliyeleta travail yake, ile kazi ya chuo, anamuambia, "Hapa umerudia maneno, tutoe?" na vidole vinaendelea peke yao kama mbuzi wanaojua njia ya nyumbani. Uso wake uliokuwa na huzuni ya asili ulilainika pale. Nilimuambia, "Shemeji, unapiga kama mutu anayekula mahindi mabichi ya kuchoma." Akasema, "Ndiyo utamu wake, na hayaishi."

Na ubaya ulikuwepo. Uzito: kuihamisha kutoka meza hii mpaka ile ilitaka mutu na nia. Ncha ya uzi wake ilikuwa ya mviringo, ya kizamani, hakuna kompyuta mupya iliyokubali kuipokea bila kipande cha kuunganisha, na kile kipande kilipotea kila wiki. Jioni viungo vya vidole vilimuuma, akaviloweka katika maji ya chumvi. Vumbi la volkano ni adui. Liliingia chini ya herufi, na herufi yenye vumbi husaga kama jino la mugonjwa. Na kelele! Jirani yake Julienne, ambaye ukuta wake wa mbao ni ukuta wao, alipiga mbao kwa mukono: "Mama Perpétue! Unaandika ao unatwanga majani ya sombe?"

"Sombe yako iko tayari, leta sahani!"

Kwa ajili ya vumbi, Perpétue alizing'oa herufi zote mara kwa mara, akaziosha katika beseni kwa sabuni ya unga, akazianika juu ya lungo kwenye jua kama maharagwe. Hapo ndipo kuku wa Julienne alipokuja, akachagua, akaondoka na B mudomoni. Tulimukimbiza mpaka kwenye mawe ya lava. Kuku tulimupata. B ilikuwa imeanguka katika ufa, na ufa wa lava haurudishi.

Ni nani aliyeokoa kazi? Mimi. Nilikata kandambili yangu ya kulia, ya bluu, nikachonga B kwa wembe, nikaipachika. Fundi wa Kinshasa asingeweza. Ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba badala ya kusema ka! kama wenzake, ilikohoa: bup. Perpétue akaniambia, "Shemeji, umenipa herufi yenye kifua." Hakuitoa lakini.

Kisha sukari ikachukua macho ya Baharanyi. Ilianza na sindano: hakuona tundu lake. Mwisho hakuona dirisha. Cherehani iliuzwa, na mahali pake wakatundika pazia, nyuma yake kiti cha Baharanyi. Mimi nilifikiri atakufa kwa uchungu. Lakini mutu wa cherehani ana masikio. Anasikia uzi kabla haujakatika. Alikaa nyuma ya pazia akisikiliza Mutoto, na baada ya muda akaanza kuisoma. Ubao ule murefu wa chini unaotenga maneno aliutambua kwa kishindo chake. Na ile herufi ya kufuta aliitambua kuliko zote, maana inapigwa mbio mbio mahali pamoja: ka-ka-ka.

"Umekosea!" alipiga kelele kutoka nyuma ya pazia.

"Kidole ni cha mutu," Perpétue alijibu.

"Umekosea, mama, mupunguzie mteja bei!"

Wateja walicheka, waliozoea walingoja ile sauti. Wengine, naapa, waliruka ofisi tatu zenye mashine mupya wakaja pale, wasikie tu "Umekosea!"

Mwaka mulima ulipotema moto tena, elfu mbili ishirini na moja, tulikimbilia Sake kwa miguu, Perpétue na Mutoto mugongoni, Baharanyi ameshika ncha ya kitenge. Alifika, lakini moyo haukufika vizuri. Muganga wa hospitali alimuita Perpétue pembeni. Akamuambia moyo huu umechoka: asikimbie tena, asishtuke tena. Hofu peke yake inatosha kumuua. Perpétue aliniambia mimi, maana nani mwingine? Akasema, "Shemeji, mutu atamukinga vipi mutu mwingine na hofu, katika muji huu?"

Nilitania kitu, sikumbuki nini.

Basi ikafika Januari ya mwaka elfu mbili ishirini na tano, waasi wakawa wanakuja kutoka pande za Kibumba, na watu wa kule, ndugu zake Perpétue wenyewe, wakashuka na magodoro vichwani. Siku mabomu yaliposikika muchana, Baharanyi aliinua kichwa. "Perpé, ni wapi hapo?"

"Mbali. Ni kule juu."

"Watu wanakimbia?"

"Mimi niko nakimbia? Niko na travail ya mwanafunzi hapa, anaitaka leo." Akapiga Mutoto: ka-ka-ka-ka. Na uso wa Baharanyi, mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, ukashuka taratibu kama mukate uliotolewa motoni. Kama Perpétue anaandika, muji umesimama.

Siku iliyofuata umeme ukakatika Katoyi nzima. Maji yakakatika. Simu zikanyamaza. Risasi zilikuwa sasa mwisho wa barabara, mabati yanalia. Niliruka ua wa Julienne nikaingia kwao kwa mulango wa nyuma, kwa kutambaa, mimi muzee mwenye heshima, tumbo chini kama mujusi. Nikasikia: ka-ka-ka.

Perpétue alikuwa amekaa mbele ya ekrani nyeusi. Mulango wa barabarani umefungwa kwa kabati. Ule uzi wa klavie, wapwa zangu, ulikuwa unaning'inia chini ya meza, haukuchomekwa popote. Na yeye anaandika. Machozi yamefika kidevuni, vidole havina habari.

Alinionyesha kwa macho: pazia. Nyamaza.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna mwenye mashine laini angekielewa. Klavie ile haikuhitaji courant ili ilie. Sauti yake ilikuwa ya springi. Ingeweza kulia hata baharini. Kwa wenzake wote kazi ilikufa na umeme. Kwake ilibaki sauti ya kazi, na ile sauti ndiyo aliyokuwa anamunywesha bwana wake kama dawa.

"Nani huyo?" Baharanyi akauliza.

"Mimi, mukubwa wako," nikasema. "Nimekuja kufanya saisie ya maisha yangu, yaandikwe yote kwa mashine. Mama ameniambia ningoje zamu."

"Maisha yako yatamaliza karatasi za Goma."

Ndivyo siku zile zilivyokwenda. Mimi nilishuka ziwani kutafuta maji kila risasi zilipopumzika, nikarudi, na kutoka mwanzo wa barabara nilisikia kama bado tuko na nyumba. Bomu likianguka karibu, Perpétue alipiga haraka zaidi. Mara moja aliacha kupiga, mikono imevimba. Mbao zikagongwa. Nilifikiri Julienne amekuja kulalamika.

"Mama Perpétue," alisema polepole, mudomo kwenye ufa. "Usiache. Watoto wangu wako wanasikiliza. Ukinyamaza wanalia."

Perpétue akavinyoosha vidole, akaanza tena. Na kila baada ya muda, ka-ka-ka mahali pamoja, na kutoka nyuma ya pazia: "Umekosea!"

Lakini siku moja nilimupelekea Baharanyi uji, naye akanivuta kwa kola mpaka sikio langu likagusa mudomo wake.

"Yaya," akaniita, kama kwetu tunavyomuita kaka mukubwa. "Courant haiko, sivyo?"

Mimi nikaanza, "Iko, courant ya leo ni nzuri sana, hata..."

"Acha. Kompyuta inavuma ikiwaka, kama nyuki ndani ya chupa. Siisikii. Tangu siku ya kwanza siisikii. Nasikia Mutoto peke yake." Alishika mukono wangu. Wake ulikuwa na baridi. "Na unajua anaandika nini? Ni kandambili yako, bup, halafu ka-ka-ka mpaka yatimie, halafu ubao murefu. Tena bup. Ni jina langu, Yaya. Baharanyi, Baharanyi, Baharanyi. Hakuna travail yoyote."

Mulio ukapita juu ya nyumba, ukaangukia mbali. Hakushtuka. Alikuwa anatabasamu kidogo.

"Usimuambie," akasema. "Akijua najua, ataogopa yeye." Kisha akainua sauti: "Umekosea, mama!"

"Kidole ni cha mutu!"

Nimeringa maisha yangu yote kwamba hakuna siri inayokaa tumboni mwangu zaidi ya chakula cha jioni. Ile nilikaa nayo. Kila mumoja wao alinikonyeza upande wake, nami katikati kama mulango usiojua uko wa chumba gani.

Risasi zilipungua asubuhi moja. Watu walianza kutoka, wakitazama barabara. Nilirudi na bidoni ya maji, nikaisikia Mutoto kwa mbali, nikasema moyoni, tumeshinda. Nikaingia, nikamutania Perpétue kwamba nywele zake zinafanana na kiota, nikapita nyuma ya pazia na kikombe.

Kichwa cha Baharanyi kilikuwa kimeegemea ukuta, sikio likielekea pazia. Kiganja juu ya goti, wazi. Nilimugusa shingo. Mbele, upande ule wa pili wa pazia, Mutoto ilisema bup, ikaendelea ka-ka-ka, ikafunga kwa ubao murefu.

"Shemeji," Perpétue aliuliza bila kuacha. "Amelala?"

"Amelala."

Vidole vikasimama katikati ya jina. Kimya kile, sijawahi kukisikia tangu cherehani iuzwe. Akasema, "Wewe hujawahi kunijibu neno moja tu."

Tulimuzika haraka, kama watu walivyozikana siku zile. Hapakuwa na umeme wa kuandika tangazo la kifo, na Perpétue ndiye aliyewaandikia matangazo nusu ya Katoyi. Jina juu ya musalaba nililiandika mimi kwa makaa. Kwenye kilio jembe halishikwi na kinu hakitwangwi, na wamama waliokaa naye kwenye mikeka walifunika Mutoto kwa kitenge kama wanavyofunika kioo. Julienne alisimama mulangoni akatazama lile furushi, akaondoka.

Perpétue hakulia kwa sauti. Alirudia jambo moja tu: "Nilimudanganya. Alikufa akifikiri muji uko salama. Mutu anastahili kuaga akijua yuko wapi. Nilimunyima hata hilo." Alikataa kula juu ya neno hilo. Wamama walimuambia ihangane, mama, vumilia. Nikaona anakauka kama herufi juu ya lungo.

Marehemu alikuwa amesema nisimuambie asije akaogopa. Lakini cha kuogopa kilikuwa kimekwisha kuja. Nilikaa kwenye mukeka wake, nikamueleza yote: nyuki ndani ya chupa, tangu siku ya kwanza. Jina. Kandambili.

Aliinua uso. "Alijua."

"Alijua."

"Na zile umekosea?"

"Zilikuwa zako. Ili usiogope."

Alinipiga. Naandika kama ilivyokuwa: alinipiga kofi mbele ya wamama, mimi mukubwa wa bwana wake. "Na wewe ulinyamaza! Siku zote unasema, siku zote, na hiyo moja ukanyamaza! Tungezungumza, shemeji. Badala ya kupigiana mashine tungezungumza!" Kisha akaanguka begani kwangu, kilio kikatoka, kile chenyewe, na wamama wakaitikia. Jioni alikula kidogo. Sijui kama nilifanya vizuri. Shavu linasema ndiyo na hapana.

Kilio kilipokwisha na courant ikarudi, mwanafunzi alikuja na karatasi zake. Perpétue alitoa kitenge, akachomeka uzi, kompyuta ikaanza kuvuma. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti, nyuma ya pazia, sina sababu. Aliandika sentensi, nyingine. Bup moja ikapita, akasita, akaendelea. Kisha nikasikia mahali pamoja, mbio mbio: ka-ka-ka.

Akangoja.

Mwanafunzi akakohoa. Nyuma ya mbao, kwa Julienne, nako walikuwa wamenyamaza. Nilijua maneno. Kila mutu katika kartie aliyajua. Nilifungua mudomo huu ambao haujawahi kukosa kitu cha kusema, nikaufunga.

Perpétue akaandika tena.